Waya Umeingia, Waya Umepita

Waltham, Massachusetts
12 Januari 1969

Mwanangu Claudette,

Natumaini umefika salama, na koti umelivaa, hukulibeba mkononi kama kawaida yako. Huku theluji imefika madirishani na baba yako kila asubuhi anagombana na koleo.

Watu nimewaambia uko Lewiston kwa shangazi Exilda, ameteguka nyonga. Baada ya misa Bibi Arsenault akaniuliza nyonga ipi, ya kulia au ya kushoto. Nikamwambia zote mbili. Sasa parokia nzima inamwombea Exilda, na mwenyewe yuko kwake anacheza karata, mzima kama punda. Mungu anisamehe.

Kiti chako kiwandani amepewa Philomena Ciccone. Moyo mzuri, mikono ya mpika tambi. Wewe ukikaa ng'ambo ya fremu nilikuwa sisemi kitu. Sindano ilitoka mkononi mwangu ikaingia mkononi mwako, tukawa tunazungumza habari za filamu. Huyu kila waya lazima nimwimbie: "Huu unaingia! Huu unapita!" Nimemweleza mpaka koo limekauka: waya ukiingia ndani ya kipete cha sumaku, kompyuta inasoma moja, ukipita kando yake, inasoma sifuri, basi, hakuna cha tatu. Ananijibu, "Sawa, Albertine," kisha anafanya kinyume, tunafumua kazi ya asubuhi nzima. Na wale vijana wa chuo wenye tai nyembamba wanapita nyuma yetu wakinong'ona kwamba vibibi vimechoka. Vibibi! Hesabu ni zao, sawa, lakini mwezini kitakwenda tulichofuma sisi.

Baba yako anakusalimu.

Jikaze, mwanangu. Mambo yakiisha utarudi kwenye kiti chako na hakuna atakayejua kitu.

Mama yako,
Albertine


Nyumba ya Mtakatifu Odilia, New Hampshire
26 Januari 1969

Mama,

Nimefika, na koti nimevaa. Hapa kila msichana anavuliwa jina lake mlangoni na kupewa jingine. Mimi sasa ni Rita. Juu ya bahasha andika Rita G., la sivyo barua itarudi. Simu haturuhusiwi. Wageni hakuna, anayekuja kuchukuliwa huchukuliwa Jumamosi tu. Barua zote, zinazoingia na zinazotoka, anazisoma Sista Eulalie. Kwa hiyo, Sista, kama umefika hapa, shikamoo.

Nafua mashuka. Chakula si kibaya, ila hawajui chumvi. Mtoto anacheza sana, hasa wakati wa rozari, kwa hiyo sijui kama ni mcha Mungu au anapinga.

Mama, Baba hajawahi kumsalimu mtu kwa barua tangu azaliwe. Niambie ukweli. Anasemaje?

Mwambie Philomena asivute waya, auache ulegee kidogo. Na ile kamba ya kumbukumbu, ya kompyuta ya watakaotua mwezini, mmeshaifunga?

Claudette (Rita)


Waltham
16 Februari 1969

Mwanangu,

Haijafungwa, na kwa mwendo huu wataenda mwezini kwa miguu. Mkaguzi wetu mpya, Bwana Pruitt, ana kipara na hana dogo. Anaipima kamba yetu waya kwa waya, kisha anarudi na kile kikaratasi chekundu: haikupita. Tunarekebisha, anapima tena, haikupita. Tunakula haikupita, tunalala haikupita. Philomena amemwekea mishumaa Mtakatifu Antoni. Mimi nimesema siku Pruitt atakapofungua mdomo na kusema imepita, nitambusu kipara chake mbele ya kiwanda kizima.

Ana haki yake, lakini. Ikishapita inamiminiwa ile plastiki, inaganda kama jiwe, na hapo hata Papa akija hafumui.

Umeniomba ukweli. Baba yako hakukusalimu. Anarudi na lori lake la mafuta, ananawa, anakula, anasikiliza redio. Jina lako halitaji. Wiki iliyopita nilimkuta amesimama mlangoni pa chumba chako. Nikasema, "Ovila, unatafuta nini?" Akasema, "Bisibisi." Sikujua nicheke au nilie.

Claudette, wakati mwingine nakaa pale mbele ya Philomena nikiwaza: nyumba yetu ina chumba kitupu, na mimi sijawa mzee kiasi cha kushindwa kuosha nepi. Sisemi kitu. Nawaza tu. Wewe unawaza nini?

Mama yako


9 Machi 1969

Mama,

Hii haisomwi na mtu ila wewe. Noreen kutoka Worcester anaondoka leo, kaificha ndani ya soksi. Mtoto wake ameshachukuliwa. Amekaa kitandani kutwa nzima anakunja na kukunjua kitambaa, lakini alipoona natafuta mtu wa kupeleka barua, akanyoosha mkono mwenyewe.

Barua yako ilinifikia na tundu. Baada ya bisibisi ya Baba kuna mistari imekatwa kwa mkasi. Nilimuuliza Sista, akasema kuna maneno yanayowatia wasichana ugonjwa wa matumaini. Basi nikajua uliandika nini, au nilitamani kujua.

Mama, namtaka. Nimejaribu kutomtaka. Wanatufundisha: msimpe jina, msimwimbie, semeni "mtoto", msiseme "mtoto wangu". Najitahidi mchana, halafu anageuka tumboni nami namwambia samahani, lala. Baba yake, Dickie, sijui meli yake iko bahari gani, wala sitaki kujua. Simtaki Dickie. Namtaka huyu.

Lakini sina pa kwenda naye isipokuwa kwenu. Mkikubali, nitafanya kazi na nitawavumilia watu na midomo yao. Mkikataa, sitawachukia. Ila siwezi kuuliza waziwazi wala nyinyi hamwezi kujibu, kwa sababu kila kitu kitakatwa. Kwa hiyo nimewaza hivi: Sista hajui chochote kuhusu kazi yetu. Nikiuliza habari za waya, nauliza habari ya mtoto. Ukiandika waya umeingia, maana yake njoo naye nyumbani. Ukiandika umepita, maana yake haiwezekani, nimwache huku achukuliwe. Na msimamizi ndiye Baba.

Moja au sifuri, Mama. Hakuna cha tatu. Nitaelewa.

Binti yako,
Claudette


Waltham
23 Machi 1969

Mwanangu Claudette,

Nimepata habari zako zote. Zote. Nimezisoma mezani, nikaenda kupika, nikarudi nikazisoma tena, na supu ikaungua.

Kuhusu ule waya ulioniuliza: haujaingia wala haujapita. Ungekuwa mikononi mwangu peke yangu ningeshauingiza zamani, hilo ulijue. Lakini msimamizi bado hajaamua, na wewe unamjua kichwa chake. Nikimsogelea na maneno ananuna siku nzima. Nimejifunza kumwachia jambo pembeni, kama mtu anavyomwachia paka sahani, kisha naondoka. Juzi kalisogelea kidogo. Akauliza, "Ni lini?" Nikasema, "Aprili." Akasema, "Hm." Kwa msimamizi wetu hiyo ni hotuba.

Usifunge chochote mpaka usikie kutoka kwangu. Nimesema, usifunge.

Bwana Pruitt ametuletea tena kikaratasi chekundu. Philomena amemhamia Mtakatifu Yuda, mwombezi wa mambo yaliyoshindikana.

Mama yako


Nyumba ya Mtakatifu Odilia
14 Aprili 1969

Mama,

Amezaliwa Jumatano. Ni mvulana. Mimi nina maumivu lakini niko sawa, na yeye ni mzima. Wananiruhusu kumlisha kwa sababu wauguzi hawatoshi.

Sista Eulalie anasema mambo yangu yaishe wiki hii, kuna watu wema wanaosubiri, wana nyumba yenye bustani. Anasema kwa upole. Angekuwa anafoka ningejua la kufanya.

Nakuomba uniambie habari za kazini. Ule waya wa mwisho, umeingia au umepita? Nakaa dirishani namsubiri mtu wa posta. Nijibu upesi, Mama, hata kwa mstari mmoja.

Claudette


Waltham
16 Aprili 1969

Mwanangu, mwanangu, mwanangu!

Imepita! Imepita, Claudette! Nimeshaharibu karatasi mbili. Yule msimamizi wetu mkaidi, ambaye ningeapa atazikwa na ukaidi wake, amekubali leo kwa mdomo wake mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu. Alisema maneno machache, unamjua, lakini aliyasema. Nililia mbele yake. Naye akanipa leso yake, yenye mafuta ya lori.

Na Pruitt naye! Siku hiyo hiyo! Nikasema leo Mungu ameamka na furaha. Kiwanda kizima tulisimama, Philomena akapiga kelele "imepita" mpaka wale vijana wa tai wakatoka ofisini kuona kama kuna moto. Na kipara nilikibusu, nimetimiza ahadi.

Basi usihangaike tena. Yamekwisha. Maliza mambo ya huko vizuri, waage watu kwa heshima, Jumamosi tunakuja kukuchukua, mimi na baba yako, na gari. Naikimbiza hii posta sasa hivi kabla hawajafunga.

Mama yako mwenye furaha kuliko wanawake wote wa Waltham,
Albertine


Nyumba ya Mtakatifu Odilia
18 Aprili 1969

Mama,

Barua yako imefika jana. Nimeelewa.

Sikudhani ungefurahi hivyo. Lakini labda ni kweli, yamekwisha, na wewe umepumzika. Sikulaumu. Nilisema sitawachukia, na siwachukii.

Nimetia sahihi leo asubuhi. Walikuja kumchukua mchana. Alikuwa amelala.

Nitakuwa kwenye ngazi Jumamosi na sanduku langu. Tafadhali tusizungumze njiani.

Claudette


Waltham
11 Mei 1969

Claudette, mwanangu,

Natuma hii Worcester kwa mamake Noreen, maana ndiko nilikosikia umekwenda. Kama hutaki kuisoma, itunze. Siku moja unaweza kutaka.

Barua yako ya Ijumaa ilifika Jumatatu. Jumamosi sisi tulikuja hatujui kitu. Nataka ujue tulivyokuja, kwa sababu ulituona dakika chache tu kisha ukashika njia.

Baba yako alikuwa amekiteremsha kitanda cha mtoto kutoka darini tangu kabla ya Pasaka. Mimi sikujua. Alikuwa anakipiga msasa chini kwenye ghala la makaa, anakaza kila kiungo kama enzi zake za kutengeneza saa. Ile Jumatano, nilipomsomea barua yako ya kwamba ni mvulana, alisema, "Rangi inataka siku mbili kukauka." Hivyo ndivyo alivyokubali. Hivyo tu. Nami nikatoka mbio kukuandikia, na tangu asubuhi kule kiwandani masikio yangu yalikuwa hayana neno jingine. Miezi mitatu nimeomba kusikia imepita. Kwangu mimi lilikuwa neno zuri kuliko yote duniani. Mambo mawili yakawa jambo moja kichwani mwangu, nikaona neno moja linatosha. Niliibandika stempu nikidhani nimekuambia njoo naye.

Maneno mawili, Claudette. Kutwa nzima, mwaka mzima, kazi yangu ni hayo maneno mawili. Namkaripia Philomena kwa kuyachanganya.

Kila nikifumba macho nakuona kwenye ngazi. Unatutazama. Hututazami sisi, unatazama mikono ya baba yako, blanketi alilolikumbatia. Yeye anauliza, "Yuko wapi?" Wewe unageuka kwangu. "Mama, si uliandika imepita?" Na mimi, Mungu wangu, mimi nacheka. Nakujibu, "Imepita, ndiyo! Imepita!" Nakucheka usoni kama mpumbavu. Mpaka nilipoona rangi yako.

Hukungoja kuona yaliyofuata. Baba yako aliingia ofisini kwa Sista Eulalie. Unamjua, hajawahi kumwomba mtu hata chumvi. Aliomba. Kiingereza kikamtoroka, akaomba kwa Kifaransa chetu cha nyumbani, na Sista haelewi Kifaransa, au aliamua asielewe. Alisema mtoto ameshakwenda na karatasi ni karatasi. Baba yako akaliweka blanketi juu ya meza yake, akalikunja vizuri, akasema, "Basi mpelekeeni hili." Sijui kama walipeleka.

Tumekwenda kwa wakili Boston. Kijana mstaarabu. Akasema sahihi ilikuwa halali na hakuna mlango. Nikamwambia ilikuwa neno tu, neno lilikosewa. Akaniuliza neno gani. Nikajaribu kumweleza waya unavyoingia na unavyopita, naye akaitazama saa yake. Baba yako akaniambia, "Tine, twende."

Leo ni Siku ya Mama. Kanisani wametugawia akina mama maua na mimi nikachukua langu, sikuweza kukataa mbele ya watu. Bibi Arsenault akaniuliza nyonga za Exilda. Nikamwambia ukweli wote palepale kwenye ngazi za kanisa, kwa sauti. Sina tena ninayemficha kitu.

Siombi unisamehe. Naomba kitu kimoja tu. Mimi ni bibi yake na sikumwona hata uso. Baba yako hawezi kuuliza, kwa hiyo nauliza mimi kwa niaba yetu sote wawili. Alikuwaje?

Mama yako,
Albertine


Worcester
27 Julai 1969

Mama,

Nimeisoma siku ile ile ilipofika. Nimeshindwa kujibu mpaka leo.

Ninafanya kazi jikoni hospitalini. Napanga na Noreen chumba chenye dirisha linaloangalia kituo cha treni. Nakula. Nalala kiasi. Sitarudi Waltham, si kwa hasira, ila siwezi kupita karibu na kitanda kile, na najua Baba hatakirudisha darini.

Jumapili iliyopita mwenye nyumba alituita wote sebuleni kwenye televisheni. Walipokuwa wanashuka mwezini, kompyuta ikaanza kupiga kelele imezidiwa na kazi, na wale watu wakawa wanaulizana kwa redio waendelee au warudi. Watu sebuleni wakaingiwa na hofu. Mimi peke yangu sikuogopa. Niliwaza: kamba ile amefuma mama yangu, hakuna waya hata mmoja ulio mahali pasipo pake. Wakatua. Watu walipiga makofi, mwenye nyumba akalia, Noreen akanishika mkono bila kuniangalia. Na mimi nilijivunia wewe, Mama. Niliumia na nikajivunia kwa pamoja, na sikujua la kufanya na mikono yangu.

Nimerudia kuisoma barua yako ya Aprili. Sasa nikiisoma, kila mstari unasema njoo naye. Msimamizi amekubali, umelia, una furaha, mnakuja wawili na gari. Kila kitu kilikuwa pale. Lakini tulikuwa tumepatana neno, nami nililitazama neno tu. Wewe ndiye uliyenifundisha, usitazame picha nzima, tazama waya ulio mkononi mwako. Nilitazama waya.

Umeuliza alikuwaje.

Alikuwa mwekundu, mwenye hasira, nywele nyeusi zimesimama wima kama brashi ya viatu. Muuguzi alizilowesha maji azilaze, zikasimama tena. Alikuwa na makunyanzi kwenye paji la uso hata akilala, kama mtu anayedaiwa kodi. Jua likimgusa alipiga chafya. Alipokuwa ananyonya chupa alilishika shati langu, si kwa kidole, kwa ngumi nzima, na kumbandua ilikuwa kazi. Sauti yake haikuwa kubwa. Alilia kidogo tu, kisha akanyamaza akasikiliza, kana kwamba anangoja kujibiwa. Nilimjibu kila mara. Nilimwimbia pia, nilivunja sheria zao zote. Masikio yalikuwa yametokeza, Mama, yote mawili, ukiyatazama dhidi ya mwanga unaona wekundu. Unayajua masikio hayo. Umeyatazama mezani miaka ishirini.

Siku waliyomchukua nilimvalisha mwenyewe. Nilifunga vifungo vyote, kisha nikavifungua nikaanza upya ili nipate muda kidogo.

Walituambia tusiwape majina, watabadilishiwa huko waendako na sisi tutaumia bure. Nilimpa. Nilimwambia sikioni, mara nyingi, ili aende nalo akilijua japo hatalikumbuka.

Nilimwita Ovila.

Mwambie Baba.

Hapana, Mama. Usimwambie.

Claudette